Bibi Futi Alivyolifunga Dampo la Halmashauri

Siku Bibi Futi alipokabidhiwa ile sheria mpya, karatasi zikiwa bado na joto la mashine ya kutolea nakala, alizibana kwapani, akaenda chooni, akajifungia na kuzisoma zote akiwa amesimama. Si kwamba hakuwa na meza. Meza alikuwa nayo, pembeni mwa dirisha, katika chumba cha idara ya afya ambamo watu saba waligombea feni moja. Ila alijijua. Alijua akiisomea pale atacheka, na wenzake watataka kujua mtu mzima wa miaka arobaini na sita anachekea nini kwenye Sheria Ndogo za Vituo vya Kutupia Taka Ngumu.

Alipofika kifungu cha tatu, kicheko kikamtoka. Mtu wa choo cha jirani akakohoa kwa adabu.

Kifungu chenyewe kilisema hivi: ni marufuku kwa mtu, kampuni au taasisi yoyote kuendesha kituo chochote cha kutupia taka bila kibali. Chochote! Bibi Futi alilirudia neno hilo taratibu, kama mtu anayeihamisha pipi kutoka shavu hili kwenda lile.

Na ili utamu huo ukukolee na wewe, yafaa umjue mwenyewe. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na yeye alikulia chini ya meza ya kukatia vitambaa, akichezea futi kamba ya mama yake, ule utepe wa kupimia viuno na mabega ya watu. Wateja walipobembeleza, "Fundi, kadiria tu kwa macho," mama alikuwa akijibu, "Jicho lina huruma, mwanangu. Futi haina." Mtoto akalibeba neno hilo hadi chuo cha afya, akalibeba hadi kazini. Miaka ishirini na miwili alipima madirisha ya mabucha, kina cha vyoo vya shule na umbali kati ya majiko ya migahawa na mashimo ya maji machafu. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye karatasi za mshahara. Mjini kote alikuwa Bibi Futi, na wauza nyama walikuwa wakiambizana kwa miluzi akiingia sokoni.

Hata mume alimpata kwa kupima. Enzi hizo alikuwa bado mgeni kazini, na siku moja akakuta katapila linachimba mfereji wa barabara hatua chache tu kutoka kwenye kisima cha watu. Akaenda kusimama mbele ya ile mashine, mkono juu. Dereva akazima injini, akashuka, akajifuta jasho.

"Dada, kuna nini?"

"Kisima na mfereji viachane mita thelathini. Hapa pana mita tisa."

Dereva akautazama mfereji, akamtazama binti, akapanda na kuanza kufukia alichochimba. Wiki iliyofuata akamletea barua. Iliandikwa hivi: "Nimepima umbali kati ya nyumba yetu na nyumba yenu. Ni mita elfu moja na mia mbili. Naona ni mbali mno kwa afya yangu." Wakaoana kabla mwaka haujaisha. Wakazaa mabinti wawili, ambao sasa wako vyuoni, na huyo dereva ndiye baadaye akaajiriwa kwenye dampo la halmashauri, kusukuma taka na kuzifunika udongo.

Sasa turudi kwenye sheria. Madiwani waliipitisha kwa kupiga meza mpaka glasi za maji zikacheza, kwa sababu walikuwa wamewachoka watu binafsi watatu waliokuwa wakipokea taka kwenye mashimo yao kandokando ya mji. Aliyepiga meza kuliko wote alikuwa Mheshimiwa Kofia, diwani aliyeitwa hivyo kwa kofia yake pana ya rangi ya maziwa, ambayo hata mkewe, watu walisema, alikuwa akiiamkia. Sheria ilikuwa na masharti kumi na manne: uzio wa mita mbili, mfereji wa kuzuia maji yanayochuruzika kutoka kwenye taka yasifike mtoni, udongo wa sentimita kumi na tano juu ya taka kila jioni, mita mia mbili kutoka kwenye nyumba za watu, kibao langoni, na mengineyo ya namna hiyo. Mkuki kwa nguruwe, hao waheshimiwa waliuona mtamu kweli.

Bibi Futi alipotoka chooni alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wake wa idara.

"Mkuu, tunaanza lini kukagua?"

"Kesho. Yale mashimo matatu. Usimwonee mtu huruma."

"Na la kwetu?"

Mkuu wa idara alicheka hadi akavua miwani. "La kwetu lipi?"

"Dampo la halmashauri. Sheria inasema kituo chochote."

"Chochote maana yake vya watu, Bibi Futi."

"Chochote maana yake chochote, mkuu."

Mkuu akavaa miwani, akamtazama vizuri, akaona hatanii. Akakumbuka ghafla kwamba ana kikao.

Mashimo matatu ya watu binafsi yalimchukua wiki tano. La kwanza lilifungwa, kwa kuwa lilikuwa juu kabisa ya kijito na halikuwa na dawa. La pili lilitengenezwa kwa shingo upande. La tatu lilikuwa la mzee mmoja mwenye kitambi, aliyechimba mchanga maisha yake yote hadi akabaki na shimo kubwa kuliko uwanja wa mpira, na watu wakamwita Mzee wa Shimo. Huyo alianza kwa matusi, akaja kwa maombi, akamalizia kwa mapenzi. Alipokwisha kujenga mfereji wake, aliupenda hata akawa anawashika mkono wapita njia kuwaonyesha. "Tazama maji yanavyopinda kona pale," alikuwa akisema. "Tazama, tazama! Kama yamesoma!"

Siku Bibi Futi alipompa kibali, mzee alikipokea kwa mikono miwili, kisha akaegemea gari. "Sasa niambie, mwanangu. Lile dampo lenu mtalikagua lini?"

"Jumanne," Bibi Futi akajibu.

Neno lenyewe lilimtoka kabla hajalifikiria. Njiani moyo ulimdunda kama ngoma, lakini si kwa woga. Ilikuwa ni ile raha ya mtu aliyejirusha mtoni na bado yuko hewani.

Jioni ya Jumatatu alikuwa jikoni anamenya viazi, mumewe naye ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa akivitia majini.

"Baba watoto, kesho nakuja kazini kwako."

"Kuniletea chakula?"

"Kukukagua."

Kiazi kikamponyoka. Akacheka, akamwangalia, akaona uso wa mkewe umetulia kama mezani pa ofisi, akacheka zaidi. "Mke wangu, pale hapakaguliki! Utapima nini?"

"Usiniambie kitu," Bibi Futi akasema haraka, akiziba masikio kwa mikono yenye maji ya viazi. "Ukiniambia hapa nyumbani, haihesabiki. Nataka nikaone mwenyewe."

Na kwa kuwa sheria ilimtaka mkaguzi mwenye ndugu kwenye kituo aseme hivyo kwa maandishi, alikuwa amekwisha kuandika tangu asubuhi, akagonga mhuri na kuacha nakala kwa karani wa baraza. Akaomba pia mtu wa pili wa kukagua naye. Akapewa mpima ardhi wa halmashauri, mzee mwembamba aliyeaminika kuwa na maneno matatu tu kwa siku, na ambaye kwa kawaida mawili kati ya hayo alikuwa ameshayatumia kwenye salamu.

Jumanne wakafika. Dampo lilikuwa limejitandaza kama mgonjwa aliyekataa kitanda. Sehemu nzuri kuliko zote ya uzio ilikuwa na nguzo mbili, na mbuzi amefungwa kwenye mojawapo. Makorongo, wale ndege wenye vipara, walikuwa wakitembea juu ya vichuguu vya taka, mikono nyuma, kama wazee wa kamati. Na katikati ya yote lilisimama katapila la halmashauri, miezi minane halijanguruma, mpapai umeota kwenye minyororo yake. Mumewe alikuwa ameketi juu yake, kofia ya kazi kichwani, shati limenyooshwa. Alikuwa amelipiga pasi mwenyewe.

Bibi Futi akafungua fomu. "Habari za kazi. Cheo cha mhusika?"

"Mume wako."

"Cheo kazini!"

"Dereva wa katapila, afisa."

"Katapila linafanya kazi?"

"Linafanya kivuli."

Mpima ardhi akatazama pembeni, mabega yakimcheza.

"Jibu kwa ukamilifu," Bibi Futi akasema, na sauti yake ilikuwa imeanza kutetemeka kwa kicheko alichokishikilia kwa meno.

"Limeharibika pampu ya kunyanyulia sepeto, afisa. Pampu yenyewe haizidi sufuria ya chai. Nimeandika barua saba. Nimejibiwa moja. Inasema suala langu linashughulikiwa."

"Kwa hiyo taka hufunikwa na nini?"

"Na usiku."

Hapo Bibi Futi aligeuka, akajifanya anapima nguzo ya mbuzi. Alipima kila kitu siku ile. Mfereji haukuwapo. Kisima cha kuchukulia sampuli ya maji hakikuwapo. Daftari la magari yanayoingia lilikuwapo, lakini panya walikuwa wamelisoma kabla yake. Nyumba ya karibu ilikuwa ya mama mmoja aliyetoka na mtoto mgongoni, akauliza kama wamekuja kuondoa taka au kuongeza. Mpima ardhi akaweka chombo chake juu ya miguu yake mitatu, akachungulia, akaandika, akasema neno lake la siku.

"Themanini."

"Mita themanini? Inatakiwa mia mbili," Bibi Futi akasema.

"Zilikuwa mia mbili na zaidi," mumewe akasema, na safari hii hakutania. "Nyumba hazikusogea. Ni taka zilizotembea. Zamani nilikuwa nazirudisha kila siku."

Kati ya masharti kumi na manne dampo la halmashauri lilitimiza moja, nalo lilikuwa kibao. Kilikuwa kimesimama langoni, kirefu, kizuri, kimepakwa rangi upya. Kiliandikwa: NI MARUFUKU KUTUPA TAKA HAPA.

Wakati wa kurudi, mpima ardhi aliyekuwa ameshika usukani ilibidi asimamishe gari mara mbili, maana mama mzima alikuwa amejikunja kwenye kiti, machozi yanamtiririka, na kila akijaribu kusema "kibao" sauti inakatika. Mara ya pili hata mzee mwenyewe aliweka kichwa juu ya usukani, honi ikalia.

Kazi ya kweli ilikuwa notisi. Kwa sheria ile, notisi ya kufunga kituo huandikwa na mkaguzi, husainiwa na mkurugenzi wa halmashauri, kisha hupelekwa kwa mwenye kituo. Mwenye kituo alikuwa mkurugenzi wa halmashauri. Bibi Futi akaiandika kama alivyoandika nyingine, bila kuongeza chumvi wala kupunguza: "Mimi, Mkurugenzi, nakuamuru wewe, Mkurugenzi, usimamishe mara moja upokeaji wa taka." Hakutaka kumvizia mtu. Akaiweka juu kabisa ya faili na kubandika karatasi nyekundu: SOMA KWANZA.

Mkurugenzi alikuwa mtu mwema mwenye simu nyingi. Saa nne asubuhi ndiyo saa yake ya kusaini, na siku ile alisaini huku akimweleza fundi wake wa nyumbani jinsi tanki la maji linavyovuja. Akabandua karatasi nyekundu iliyokuwa inaziba mahali pa saini, akatia saini yake yenye mkia mrefu, akafungua faili lingine.

Kesho yake asubuhi tarishi alimkabidhi barua; mkurugenzi akasaini daftari la kupokelea, akaifungua, akasoma. Dakika moja baadaye katibu wake muhtasi alipiga simu idara ya afya akasema kwa mnong'ono, "Bibi Futi, njoo. Njoo sasa hivi. Sijawahi kuliona hilo jicho."

Alimkuta amesimama katikati ya zulia.

"Bibi Futi! Ni nani huyu mpumbavu aliyethubutu kunifungia dampo?"

"Tazama chini ya barua, bosi."

Akatazama. Akaisogeza karibu na pua. "Hii saini imeghushiwa."

"Ulikuwa unaongea na fundi wa tanki."

Mkurugenzi akaitazama tena ile saini yenye mkia mrefu. Ulionekana waziwazi ule wakati kumbukumbu ilipomfikia, kama maji yanapofika kwenye bomba lililokauka. Na hapo Bibi Futi akashindwa. Kicheko kilianzia tumboni, kikapanda, akakibana kwa kitambaa, kikatokea puani. Nje ya mlango katibu muhtasi aliangusha kitu. Mkurugenzi alikunja uso, akaukunja zaidi, kisha pembe moja ya mdomo ikamsaliti.

"Usicheke," akasema. "Bibi Futi, nakuagiza usicheke. Nimejifungia dampo langu mwenyewe?"

"Ndiyo, bosi. Na umepokea na kusaini."

Akaketi, akajipepea na notisi. "Lakini wewe mtu mzima. Hujui kwamba kinyozi hajinyoi?"

"Najua, bosi. Ndiyo maana huenda kwa kinyozi mwenzake."

"Naweza kuifuta?"

"Unaweza kukata rufaa kwa kamati ya madiwani ndani ya siku saba. Rufaa itasikilizwa kwenye kituo chenyewe, mbele ya majirani."

"Kwenye kituo? Dampo?" Akaruka kwenye kiti. "Nani aliyeandika upuuzi huo?"

"Baraza. Mlitaka wenye mashimo waaibike."

Mkurugenzi alikata rufaa, kwa kuwa hakuona pa kutokea. Huku rufaa ikisubiriwa, magari ya taka ya halmashauri yalielekezwa kwa Mzee wa Shimo, maana ndiye aliyekuwa na kibali na nafasi. Mzee alivaa koti. Gari la kwanza alilirudisha langoni kwa sababu halikufunikwa turubai. "Sharti la tisa," akamwambia dereva, akinyoosha kidole juu. "Nyie ndio mlionifundisha."

Siku ya rufaa kamati ilikuja kwa basi dogo, madiwani kumi na mmoja wakiwa wamevaa kama wanakwenda kupigwa picha. Hema lilisimamishwa mahali palipokuwa na afadhali. Majirani walijaa, wengine na viti vyao. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mama mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye akikohoa tu watu wa rika zote walikuwa wanaficha mikono. Akamwita mkurugenzi.

Mkurugenzi akasimama, akalegeza tai. "Mheshimiwa mwenyekiti, mimi kama mkurugenzi napinga uamuzi wa mkurugenzi."

"Uamuzi wa mkurugenzi yupi?"

"Wa mimi."

Majirani walipiga makofi, hawakujua hasa ni ya nini. Ndipo Mheshimiwa Kofia akaruka. "Mwenyekiti! Kabla hatujafika mbali! Huyu mkaguzi ni mke wa dereva wa katapila. Haya mambo yamepangwa kitandani!"

Hata makorongo wakasimama. Bibi Futi alisikia masikio yanamwaka moto. Alinyanyuka, akampelekea mwenyekiti karatasi yake yenye mhuri, tarehe ya siku moja kabla ya ukaguzi, na akasema kwa sauti isiyotetemeka, "Ni mume wangu, mheshimiwa. Nimesema kwa maandishi, na vipimo nilichukua na mwenzangu."

Mwenyekiti akaisoma karatasi yote, nyuma na mbele. Akamgeukia mpima ardhi. "Mzee, una la kusema?"

"Themanini," akasema mpima ardhi, akaketi.

Na kutoka nyuma, kwenye kundi la wafanyakazi, sauti aliyoijua kuliko zote ikapaa: "Na kama tungekuwa tunapanga kitandani, waheshimiwa, ile pampu ningeipata miezi minane iliyopita!"

Kicheko kilichopasuka pale kilimkomesha hata Mheshimiwa Kofia, ambaye alijaribu kubaki na hasira lakini kitambi kikamtikisika. Mama mwenye mtoto mgongoni akaombwa aseme. Alisema kwa kifupi kwamba mvua zikinyesha maji meusi hupita mlangoni kwake, na kwamba mtoto wake wa kwanza alijua kuhesabu nzi kabla ya kuhesabu vidole. Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka. Bibi Futi aliwaona madiwani wawili wakitazama viatu vyao.

"Basi tupige kura," mwenyekiti akasema. "Wanaotaka rufaa itupwe, na dampo libaki limefungwa mpaka litimize masharti, wanyooshe mikono."

Ukaja upepo.

Haukuwa upepo mkubwa. Lakini hapakuwa na uzio wa kuuzuia wala udongo wa kuzishika taka, na mifuko ya plastiki ya mji mzima ilinyanyuka pamoja, myeusi, ya bluu, yenye mistari, ikazunguka mara moja kama inatafuta anwani, ikaingia hemani. Mmoja ulimvaa mkurugenzi usoni. Mwingine ukakaa kwenye kipaza sauti, kikaanza kuguna. Madiwani wote wakanyanyua mikono kujikinga. Kofia ya Mheshimiwa Kofia ikapaa, ikatua juu ya kichuguu, na korongo mmoja akaikanyaga kwa makini, kama anayejaribu zulia dukani. Katikati ya rabsha hiyo karani wa kamati, mtu mwaminifu aliyefundishwa kufanya aliloambiwa, alikuwa anahesabu mikono kwa kalamu.

"Kumi na mmoja kati ya kumi na mmoja!" akapiga kelele. "Rufaa imetupwa!"

"Mimi nilikuwa nakimbiza kofia!" akalia Mheshimiwa.

Bibi Futi alikuwa ameshikilia nguzo ya hema kwa mikono miwili, na si kwa ajili ya upepo. Mbavu zilimuuma. Mumewe alikuja akamshika mkono, naye pia alikuwa hawezi kusema, wakabaki wanaangaliana kama watoto waliofanya utundu darasani.

Lakini mwenyekiti alikuwa mwalimu, na mwalimu hakubali jibu la kunakili. "Kura hiyo siitambui," akasema, akiondoa karatasi ya biskuti begani. "Wote ndani ya basi. Fungeni madirisha. Tupige upya, haki itendeke."

Wakaingia. Majirani wakabana nyuso kwenye vioo. Ndani kulikuwa na joto, na mifuko mitatu iliyoingia nao ikiruka huku na huku. Mikono ikapanda mmoja mmoja: miwili, mitano, minane, kumi. Wote wakamgeukia Mheshimiwa Kofia, kichwa kitupu, nywele zimesimama. Akatazama nje, kwenye kichuguu. Akatazama ile nyumba iliyo mita themanini. Akashusha pumzi.

"Na mimi," akasema, na mkono ukapanda. "Ila kofia yangu iandikwe kwenye muhtasari."

Sheria iliyowafunga Wazee wa Mashimo ikawa imemfunga na aliyeitunga, na cha ajabu hakuna aliyekufa. Mkurugenzi, alipokwisha kuona aibu haina chini zaidi ya hapo, aliishika kazi kama yake. Pampu ililetwa siku ya kumi na mbili. Uzio ukapanda, nguzo kwa nguzo. Mzee wa Shimo alikuja kwa hiari, bila kuitwa na mtu, kuwaelekeza mafundi jinsi ya kupinda mfereji, akawachosha kweli. Kibao kiliandikwa upya. Mpapai uling'olewa kwenye minyororo ya katapila kwa heshima, ukapandwa kando ya lango.

Baada ya miezi mitatu Bibi Futi alikuja kukagua tena na mpima ardhi. Masharti kumi na matatu yalitimia, hata lile la mita mia mbili, maana katapila lilikuwa limekwisha kuzirudisha taka nyuma. La kumi na nne lilikuwa udongo wa kila jioni, na hilo haliwezi kukaguliwa asubuhi, kwa hiyo wakasubiri.

Saa kumi mumewe akapanda, akawasha. Katapila lilikohoa moshi mweusi, likatikisika, likanguruma, na majirani wakapiga vigelegele. Akalisawazisha rundo la mwisho lililobaki, akarudi kuchota udongo mwekundu, akaumwaga na kuutandaza, mkono mwepesi kama wa mtu anayetandika kitanda cha mgeni. Alipomaliza, pale palipokuwa na rundo palikuwa na uwanja uliosawazishwa, na harufu iliyokuja ilikuwa ya ardhi baada ya mvua. Bibi Futi akapima sehemu sita, akaandika, akatia saini. Mpima ardhi akatia yake. Hakusema neno, lakini alitabasamu, na wale waliomjua walisema hiyo ilikuwa hotuba.

"Panda," mumewe akamwambia kutoka juu.

"Niko kazini."

"Umeshasaini. Panda, mama watoto."

Akapanda, sketi ya kazi, viatu vya ofisi, faili chini ya kwapa. Katapila likamzungusha uwanja mzima kwa mwendo wa kobe, watoto wakikimbia nje ya uzio mpya, wakimwita kwa jina lake la mjini. Alipiga kelele kila lilipoinama, akamshika mumewe bega, akamwambia aongeze mwendo, naye akamwambia mwendo ndio huo.

Waliposhuka, yule mama wa nyumba ya karibu alikuwa ametoa viti viwili na kuviweka uani, akiuangalia uwanja kama watu wanavyoangalia runinga. Madirisha yake yote yalikuwa wazi, na mtoto alikuwa anatambaa kwenye mkeka. Akamkaribisha Bibi Futi akae. Bibi Futi akavua viatu, akaketi, akaomba maji ya kunywa.

"Kesho wanaanza saa ngapi?" yule mama akauliza.

"Saa kumi," Bibi Futi akasema.

"Basi nitawaita na dada zangu," akasema, akamsogezea glasi.